Kisima kinanuka mafuta: tangi la sheli likivuja chini ya ardhi, ukweli unajulikanaje?

Msikilizaji wetu mmoja wa Hamugembe, mama anayeishi upande wa bondeni, alitupigia baada ya kipindi na swali ambalo tuliona haliwezi kujibiwa kwa dakika mbili hewani. Maji ya kisima chake yalianza kunuka kama mafuta ya taa masika yalipokolea. Juu kidogo ya kwake kuna sheli ya miaka mingi. Mwenye sheli alimwambia mafuta yake hayajapungua. Jirani akasema huenda ni mtu wa bodaboda aliyemwaga oili chafu. Yule mama hakutaka ugomvi na mtu. Alitaka kujua nani ana uwezo wa kusema ukweli wa jambo hili, na anaupataje.

Sheli hiyo hatutaitaja, wala hatujui kama ina kosa. Harufu inaleta shaka tu, na shaka inahitaji kuchunguzwa. Tumeandika hapa namna uchunguzi wenyewe unavyokwenda, ili ukiwa Hamugembe, Kashai, Kemondo au Muleba ujue cha kufanya na cha kutofanya siku maji yako yakibadilika.

Tone moja kwa sekunde

Tangi la sheli huzikwa chini ya zege, na moja hubeba lita elfu kumi, wakati mwingine zaidi ya elfu arobaini. Matangi mengi ya zamani ni ya chuma chenye ukuta mmoja. Chuma hicho kikikaa miaka mingi kwenye udongo wenye unyevu, kutu hukila taratibu kutoka nje, mahali ambapo hakuna anayeona. Mara nyingi hata si tangi lenyewe linalovuja. Ni maungio ya mabomba yanayotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, au mdomo wa kujazia ambao hufurika kidogo kila gari la mafuta linaposhusha.

Sisi wa Bukoba tuna jambo jingine la kukumbuka. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi yetu ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, na wakazi wa Hamugembe hawahitaji kusimuliwa kilichotokea kwenye nyumba zao. Mtikisiko wa namna ile unaweza kulegeza maungio ya bomba lililozikwa. Kwa hiyo mchunguzi akifika, moja ya maswali yake ya kwanza liwe hili: tangi liliwekwa kabla au baada ya siku ile, na baada ya siku ile lilipimwa?

Petroli ikitoka hushuka kwenye udongo. Udongo hunywa sehemu yake na kuishikilia, inayobaki huendelea kushuka mpaka ikutane na maji ya chini. Hapo husimama, kwa sababu petroli ni nyepesi kuliko maji. Inaelea juu yake na kuanza kufuata mteremko wa maji hayo, ambao kwenye miinuko yetu mara nyingi huelekea bondeni, kwenye chemchemi, visima na mito kama Kanoni.

Mvua nazo zina kazi yake. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kikubwa kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Masika yakija, maji ya chini hupanda na kubeba mafuta juu. Kiangazi kikija hushuka, na mafuta hupakwa kwenye udongo wote wa katikati kama rangi ukutani. Ndiyo maana kisima kinaweza kunuka miezi mitatu, kikatulia, kisha kikanuka tena mwaka unaofuata. Kutulia kwake hakuna maana kwamba uchafu umeondoka.

“Mafuta yangu hayajapungua”

Mwenye sheli anaweza kusema hivyo kwa moyo safi na bado akawa amekosea.

Sheli makini hudipu tangi kila siku, yaani huteremsha kijiti chenye vipimo na kuandika. Hesabu ni rahisi. Chukua mafuta ya asubuhi, ongeza yaliyoshushwa, toa yaliyouzwa kwa mita za pampu, kisha linganisha na kijiti cha jioni. Tuseme asubuhi zilikuwapo lita 8,200, gari likashusha 10,000, zikauzwa 6,500. Zinapaswa kubaki 11,700. Kijiti kikisoma 11,640, lita 60 hazionekani.

Je, zimevuja? Pengine. Lakini petroli husinyaa ikipoa. Lita 10,000 zikipoa kwa nyuzi 5 tu hupungua takriban lita 50 bila tone kumwagika. Kijiti nacho husomwa na macho ya mtu. Kwa hiyo tofauti ya siku moja haithibitishi kitu. Kinachotazamwa ni mwenendo wa mwezi mzima: mtu mwaminifu mwenye tangi zima huona tofauti zinapanda na kushuka, leo ziada, kesho pungufu. Mwenye tangi linalovuja huona pungufu, pungufu, pungufu.

Sasa fikiria tone moja kwa sekunde. Ni kitu kidogo sana, lakini kwa siku ni lita 4 na kidogo, kwa mwezi lita 130 hivi, kwa mwaka zaidi ya lita 1,500. Huko Marekani, ambako sheria za matangi ya chini zilianza kukazwa mwaka 1984, hesabu ya mwezi ya kituo huhesabiwa kuwa na shaka ikiwa tofauti inazidi asilimia moja ya mafuta yaliyopita pamoja na galoni 130, yaani kama lita 490. Tone letu la kila sekunde linapita chini ya kipimo hicho bila kuonekana! Ndiyo sababu vitabu peke yake havitoshi, na tangi lenyewe hupimwa na mafundi wenye vifaa: linafungwa, linawekwa shinikizo la gesi isiyowaka au kuvutwa hewa, kisha wanaangalia kama shinikizo linabaki palepale.

Pua inajua nusu tu

Ndani ya petroli kuna kemikali nyingi, na inayoogopwa zaidi ni benzini. Tusichanganye hapa: wapo wazee wanaoita petroli yenyewe “bensini”. Benzini tunayoisema ni sehemu ndogo tu ndani ya petroli, ila huyeyuka kwenye maji kuliko nyingi ya wenzake, na imethibitika kusababisha saratani ya damu kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 za benzini kwa lita.

Ili kuona udogo wa kipimo hicho, chukua lita moja ya petroli ambayo asilimia moja yake ni benzini. Kwa hesabu ya karatasi, benzini hiyo inatosha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo.

Lakini harufu ya benzini yenyewe kwenye maji huanza kusikika ikiwa kama miligramu 10 kwa lita, yaani mara elfu moja ya kikomo. Kemikali nyingine za petroli hunuka mapema zaidi, na hizo ndizo hutusaidia kushtuka. Basi pua ikisema kuna mafuta, isikilize. Ikisema hakuna, usiichukue kama cheti. Na usionje ili kuhakikisha.

Kuna jaribio moja dogo unaloweza kufanya bila hatari. Mabonde yetu yana madimbwi mengi ambayo juu yake kuna utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na watu hudhani ni mafuta. Mara nyingi ni vijidudu vinavyoishi kwenye maji yenye chuma, na havihusiani na sheli. Chukua kijiti uupasue utando huo. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na vipande vikabaki vimetengana, huenda ni vijidudu. Ukijizungusha na kuungana tena haraka nyuma ya kijiti, hiyo ni dalili ya mafuta. Jaribio hili limewaepusha wengi na kelele za bure.

Dalili nyingine ni mimea. Mafuta yakijaa udongoni hufukuza hewa, na mizizi hukosa pumzi. Ukiona migomba au majani yamekauka kwa mstari unaoshuka kutoka upande mmoja, huku mengine pembeni yakiwa mazima, piga picha kwa simu. Simu nyingi huhifadhi tarehe ya picha, na tarehe hiyo itakuwa na thamani baadaye.

Usiteremke kisimani

Hapa tunaomba usome polepole. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hujikusanya chini ya kisima, kwenye shimo la choo jipya, kwenye chemba. Mtu anayeteremka kusafisha kisima kinachonuka anaweza kuzimia kabla hajaita, na ndugu anayemfuata kumwokoa akazimia juu yake.

Baadhi yetu tumezoea kuteremsha mshumaa au kibatari kupima kama kuna hewa kisimani. Kwenye kisima kinachonuka mafuta, moto huo unaweza kulipuka. Usifanye. Funika kisima, ondoa watoto, zuia sigara na majiko karibu. Na mafuta yakionekana yanaelea, usiyateke hata kama ni mengi na ni ya bure. Wote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Kule Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ikaingia mtaroni katika makazi ya Sinai iliwaka na kuua watu wengi.

Wachunguzi wanafanyaje

Uchunguzi mzuri huanza na maswali kabla ya jembe. Sheli ilijengwa lini, matangi mangapi, yapo wapi hasa, kuna la zamani lililoachwa chini bila kuondolewa? Je, kabla ya sheli palikuwa na gereji? Wazee wa mtaa hujua haya kuliko makaratasi.

Kisha hutobolewa mashimo membamba kwa auga, bomba la chuma lenye meno linalozungushwa kwa mkono au mashine. Udongo huchukuliwa kila kina, tuseme kila mita moja, mpaka kwenye maji. Wana kifaa kidogo cha kunusa mvuke ambacho huwaonyesha palepale ni kina gani kina shida, ili sampuli ya maabara itoke hapo na si popote. Shimo moja huchimbwa upande wa juu wa sheli, ambako uchafu wake haukutarajiwa kufika. Hilo ni la kulinganishia. Bila hilo, mwenye sheli ana haki ya kuuliza: mnajuaje kwamba udongo wote wa hapa hauko hivyo?

Kwenye maji hutakiwa mashimo yasiyopungua matatu. Shimo moja linakuambia maji yako kina gani. Matatu, yakipimwa kimo chake kwa uangalifu, yanakuambia maji yanaelekea wapi. Hapo ndipo kesi nyingi husimama au kuanguka, maana kisima kinaweza kuwa karibu na sheli na bado maji yake yakatoka upande mwingine kabisa.

Sampuli nazo zina masharti. Benzini huruka hewani upesi, kwa hiyo maji yakiwekwa kwenye chupa ya soda iliyojaa nusu, yakazungushwa mjini siku nzima juani, maabara itapima maji yaliyokwisha kupoteza ushahidi. Hutumika chupa ndogo za kioo, hujazwa pomoni bila hata povu moja la hewa, hufungwa, huwekwa kwenye barafu na kupelekwa haraka. Kila chupa huandikwa mahali, tarehe, saa na jina la aliyechukua, na kila anayeipokea husaini. Tumewahi kusikia mtu aliyebeba maji ya kisima chake kwenye kidumu kilichowahi kuwa na mafuta ya taa. Huyo alipima kidumu.

Maabara ikipata sampuli nzuri inaweza kutenganisha petroli, dizeli, mafuta ya taa na oili ya injini, kwa kuwa kila kimoja kina mpangilio wake wa kemikali. Habari ya oili ya bodaboda ambayo jirani wa yule mama aliisema ingejibiwa hapo, bila mtu kumnunia mwenzake.

Mlango wa kugonga

Anza kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, na uandike barua, nakala ubaki nayo yenye muhuri. Kutoka hapo suala linakwenda kwa afisa mazingira wa halmashauri, awe wa Manispaa ya Bukoba au wa Wilaya ya Muleba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba anayechafua ndiye anayebeba gharama, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina ofisi ya kanda Mwanza. Leseni za vituo vya mafuta ziko chini ya EWURA. Maji ya chini yako chini ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, makao yake pia Mwanza. Vipimo vinavyokubalika mbele ya sheria unaweza kuvipata Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo nayo ina ofisi ya kanda huko huko. Ndiyo, karibu kila kitu kiko Mwanza, ng'ambo ya ziwa, na hilo kwa maoni yetu ndilo linalowakatisha watu tamaa kuliko sheria yenyewe. Barua moja ya wakazi kumi kupitia kwa mtendaji husafiri vizuri kuliko watu kumi kila mmoja na nauli yake.

Jambo la kuzuia mapema ni kufukua. Mara nyingi malalamiko yakianza, mtu huleta katapila usiku, udongo unanukao ukachukuliwa, kifusi kipya kikamwagwa. Ukiona hivyo piga picha, toa taarifa siku hiyo hiyo. Udongo ulioondoka hauwezi kupimwa, na haujulikani umemwagwa kibanja cha nani.

Thange walisubiri miaka kumi

Jirani zetu wa Kenya wamelipitia hili. Mei 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba la Mombasa hadi Nairobi la Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya, katika eneo la Thange, Kaunti ya Makueni. Hilo lilikuwa bomba, si tangi la sheli, lakini mafuta yalifanya yale yale: yaliingia udongoni, yakaingia mtoni na visimani, mashamba yakaharibika. Wakulima wakaenda mahakamani. Julai 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 3.8, wakazi zaidi ya 3,000. Kutoka kuvuja hadi hukumu ni miaka kumi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule alishakua kijana.

Tunalitaja hili kwa sababu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita mkoani kwetu, Muleba ikiwamo. Mafuta yale si kama petroli. Ni mazito yenye nta, huganda yakipoa, ndiyo maana bomba lake hupashwa moto. Yakimwagika hayakimbii kama petroli. Lakini kwa anayeishi karibu na bomba au sheli, ushauri ni mmoja: maji yako yapimwe sasa yakiwa mazima, na karatasi uitunze. Mwaka wowote yakibadilika, utakuwa na cha kulinganisha nacho.

Wakati ukisubiri majibu

Wengi mliuliza kama kuchemsha kunasaidia. Hapana. Kuchemsha huua vijidudu, lakini kwa mafuta huhamisha mvuke kutoka sufuriani kwenda jikoni mwako, palipo na moto. Dawa ya kutibu maji ya chupa ndogo nayo haifanyi kitu kwa petroli. Acha kisima hicho kwa kunywa, kupikia na kuogea pia, kwa sababu benzini huvutwa puani wakati wa kuoga na hupita kwenye ngozi. Tumia maji ya bomba au chemchemi iliyo upande wa juu wa sheli.

Kuhusu kibanja, mgomba ulio hai na unaozaa si mahali ambapo petroli hujificha kwa wingi. Tahadhari zaidi iwe kwa vinavyokaa udongoni au kugusa udongo: viazi, karanga, mchicha. Viache mpaka majibu yatoke, na usimwagilie bustani kwa maji ya kisima hicho.

Yule mama alifanya jaribio la kijiti kwenye ndoo. Utando ulijiunga tena. Kisima amekifunika kwa bati na mawe, barua yenye majina ya kaya saba iko kwa mtendaji, na kila asubuhi anaandika kwenye daftari la mwanawe wa shule: tarehe, mvua ilinyesha au haikunyesha, harufu ipo au haipo.